Maswali ya Wasafiri: Kerala Peke Yako, Kwenye Mifereji na Maziwa ya Pwani

Mwezi uliopita tulitoa picha chache za Kerala, lile jimbo la kusini magharibi mwa India lililobanwa kati ya milima ya Ghats na Bahari ya Arabia, na tangu hapo meseji haziishi. Wengi mnauliza jambo lile lile, mtu akiwa peke yake anaingiaje kule kwenye maji na anatokaje bila kufilisika? Nimechagua barua zinazobeba maswali ya wengi, zilizokuwa ndefu nimezifupisha.

Dada, habari za kazi. Mimi ni kijana wa miaka 27, nimeweka akiba yangu nataka kwenda Kerala mwezi wa kwanza, peke yangu, siku tisa hivi. Kila ninayemuuliza ananiambia lazima nikodi hausiboti na bei ni ya watu wawili hata kama niko mmoja. Sina hela hiyo, na pia naona nitaboreka kukaa humo bila mtu wa kuongea naye. Kuna njia nyingine? (Msomaji, Morogoro)

Ipo mdogo wangu, tena kwa mtu aliye peke yake ndo njia bora kuliko hausiboti yenyewe, nakwambia bila kumung'unya maneno.

Tuanze na hiyo hausiboti ili ujue unakataa nini. Zamani zilikuwa boti za mizigo, zinabeba mpunga na viungo kutoka mashambani kwenda bandarini Kochi, mbao za mti wa anjili zinashonwa kwa kamba za usumba bila msumari, kama mtepe wa mababu zetu wa mwambao, alafu zinapakwa mafuta ya maganda ya korosho zisioze. Malori na madaraja yalipokuja zikakosa kazi, ndo kwenye miaka ya 1990 watu wakaanza kuzigeuza hoteli. Ni kazi ya mikono ya kupendeza sana na sina ubaya nayo. Lakini angalia ratiba yake. Unapanda saa sita mchana, mnazunguka ziwani, ikifika saa kumi na moja na nusu jioni au hapo karibu inabidi ifungwe kamba kwenye tuta mpaka asubuhi kwasababu usiku maji ni ya wavuvi na nyavu zao. Kwahiyo usiku mzima umelipia chumba ambacho hakiendi popote, asubuhi unazungushwa kidogo, saa tatu unashushwa. Chumba kimoja kwa usiku mmoja ni kama rupia elfu saba kwenda juu, karibu na Krismasi inaruka zaidi, na mmoja analipa karibu sawa na wawili. Na kubwa kuliko yote, lile dude haliingii kwenye mifereji myembamba, linabaki kwenye maji mapana pamoja na wenzake, na Alappuzha, mji wa pwani zinakoanzia boti hizo, wenzake wako mamia. Vile vichochoro vya maji ulivyoviona kwenye picha, nyumba huku na nyumba kule minazi imelala juu, humo haifiki.

Unachotaka wewe ni boti za abiria za serikali. Jimbo lina idara yake ya usafiri wa majini, ipo tangu 1968, inaendesha boti kila siku kwa ajili ya wenyeji, na hakuna anayekukataza kupanda. Gati la Alappuzha liko karibu kabisa na stendi ya mabasi, unapanda, unakaa, kondakta anakuja na tiketi, nauli ni makumi ya rupia tu. Panda ile inayoelekea Kottayam, ni mwendo wa kama saa mbili na nusu hadi tatu, au chukua za karibu za kwenda Nedumudy, Kainakary, Kavalam, Pulinkunnu, ushuke unapopapenda na urudi na inayofuata.

Kaa pembeni karibu na maji, sio katikati. Boti inasogea kwenye ngazi za saruji mbele ya nyumba ya mtu, haifungwi vizuri hata kidogo, mfanyakazi mmoja anaruka na kamba anaishikilia kwa mkono, bibi anashuka na mfuko wake wa dukani anapandisha sari asiilowanishe, watoto wa shule wanaingia wanasukumana, kengele inalia, mnaondoka, dakika tatu mbele inasimama tena ngazi nyingine. Kwa vijiji vingi vya kule barabara ni hayo maji. Mwalimu yumo, karani yumo, anayempeleka mtoto kliniki yumo, na wewe mgeni unaulizwa unatoka nchi gani kabla hujakaa vizuri. Hapo ndo useme unaboreka!

Alafu utaona kitu ambacho wengi hawakitegemei. Uko kwenye boti, ukitazama ng'ambo ya tuta unakuta shamba la mpunga liko chini yako. Maji unayoelea juu yake yako juu kuliko shamba. Eneo hilo linaitwa Kuttanad na sehemu yake kubwa iko kati ya mita moja na tatu hivi chini ya usawa wa bahari. Watu waliizungushia sehemu za ziwa matuta ya udongo wa mfinyanzi, wakawa wanazama kuuchota udongo chini ya maji kwa mikono na kuushindilia kwenye fito za mianzi, wakapampu maji nje, wakapanda mpunga kwenye sakafu ya ziwa. Mpaka leo pampu zikizimwa msimu wa mvua maji yanarudi. Shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua ukulima huo mwaka 2013 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Wewe unaenda mwezi wa kwanza, mpunga utakuwa bado kijani, wanavuna kuanzia kwenye mwezi wa pili na wa tatu, na wanaokuja baada ya mavuno ndo wanawakuta wachunga bata, bata maelfu wanaswagwa kwenye mfereji na mtu mmoja mwenye fimbo ndani ya mtumbwi.

Kwa ile mifereji myembamba tafuta mtumbwi wa upondo, usio na injini. Mwenye nyumba utakakolala atakupatia mtu, na kwasababu uko peke yako mwambie akuchanganye na wageni wengine, utalipa karibu rupia elfu moja kwa nusu siku na mara nyingi chai ya asubuhi imo. Sharti moja tu, ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Hausiboti zikianza kutembea kwenye saa mbili na kitu maji yote yanatibuka na ndege wanahama.

Lala kwenye nyumba za familia zinazopokea wageni, sio hoteli ya mjini. Ziko nyingi Alappuzha na vijijini, nyingine zinafikika kwa boti tu. Hapo upweke wako unaisha kwasababu mnakula meza moja.

Kuhusu siku tisa zako, mbili mpe Kochi. Zunguka na Water Metro, boti za umeme zilizoanza Aprili 2023 zinaunganisha jiji na visiwa vyake, ni safi na rahisi ajabu, ufike mpaka Fort Kochi kwenye zile nyavu kubwa za Kichina. Kutoka Ernakulam, upande wa bara wa Kochi, treni ya Alappuzha ni kama saa moja na kitu. Kama huna haraka pita Vaikom kwa basi, pale uvuke ziwa Vembanad kwa kivuko cha sola, kinaitwa Aditya, cha kwanza cha aina yake India, kimeanza 2017 na kinabeba watu 75. Na ukiwa Vaikom lione hekalu la Mahadeva, kwasababu barabara zinazolizunguka ndizo watu wa tabaka la chini walikuwa hawaruhusiwi hata kupita, mwaka 1924 wakaanza kuandamana kwa amani, mwaka uliofuata Gandhi akafika mwenyewe. Watalii wengi wanapita hapo wakikimbilia boti hawajui wamekanyaga nini. Siku nne zipe Alappuzha na vijiji vyake, zilizobaki nenda Kollam, nimemjibu msomaji mwingine huko chini.

Assalaam alaykum dada. Mimi ni mwalimu, nina miaka 41, watoto wameshakua na mume wangu hana tatizo mimi kusafiri ila yeye hapendi ndege. Navaa hijabu. Dada zangu wananiambia India mwanamke peke yake ni kujitafutia matatizo. Nataka unieleze ukweli kuhusu usalama, chakula na sala. (Mwalimu, Mombasa)

Wa alaykum salaam mwalimu. Shukuru una mume mwenye moyo huo.

Hijabu haitakuwa tatizo, Kerala zaidi ya robo ya watu ni Waislamu, utapishana na wanawake wamejifunika kwenye basi, benki, kila mahali. Ukiwa na nafasi ya siku moja panda kaskazini ya Kochi mpaka Kodungallur kwenye msikiti wa Cheraman, mapokeo ya wenyeji yanasema ulijengwa mwaka 629. Kule kwenye mifereji yenyewe vijiji vingi ni vya Wahindu na Wakristo, kwahiyo misikiti iko mjini Alappuzha na Kollam, ukiwa kijijini utasalia nyumbani, mwombe mwenye nyumba akuonyeshe upande wa magharibi ukiegemea kaskazini kidogo, ndiko kibla kiliko kutoka kule.

Chakula utafurahi. Ni nchi ya nazi na samaki, wali kwenye jani la mgomba, mhogo wa kuchemsha na mchuzi mwekundu wa samaki, na yule samaki wao karimeen anayepakwa viungo akafungwa kwenye jani la mgomba akabanikwa. Hoteli za Waislamu ziko mijini kote. Kijijini kama huna uhakika na nyama, ng'ang'ania samaki na mboga, hutakosa kitu. Sasa utaona wanaume wanakusifia samaki wa kwenye vilabu vya tembo la mnazi, ni kweli wanapika vizuri sana, ila ni vilabu vya pombe na wanaokaa humo ni wanaume watupu, hapo usijisumbue, agiza samaki huyo huyo kwa mama mwenye nyumba.

Usalama. Kutazamwa utatazamwa, na utaulizwa mume yuko wapi, jibu lolote linatosha na sio lazima liwe refu. Panga kufika kila sehemu mpya kukiwa na mwanga, hili ndo la muhimu kuliko yote, kwasababu boti za jioni zinapungua na ukishushwa kwenye ngazi ya mtu usiku hakuna bodaboda wala taa. Kabla hujapanda boti yoyote uliza ya mwisho kurudi ni saa ngapi, muulize kondakta na umuulize na mwenye duka la pale gatini, wakikubaliana ndo uamini. Namba ya dharura India nzima ni 112. Treni nyingi zina behewa la wanawake, litumie. Kila utakapolala watachukua kopi ya pasipoti na viza, ni sheria yao kwa wageni, wape kopi, ila pasipoti yenyewe irudi mkononi mwako hapo hapo.

Na kuna hatari moja ambayo dada zako hawajaitaja nami naiogopa kuliko wanaume wa barabarani, nayo ni boti iliyojaa. Julai 2002 boti ya abiria kutoka Muhamma kwenda Kumarakom ilizama kwenye Vembanad, wakafa watu 29. Mei 2023 boti ya watalii ilipinduka Tanur, kaskazini zaidi, wakafa 22, wengi watoto, ilikuwa imejaza kupita kiasi na jua limeshazama. Kwahiyo ukiona watu wamesimama mpaka juu ya paa, shuka, hata kama umeshalipa. Kwenye boti ya kukodi dai jaketi la kujiokolea ulivae, usikubali kuambiwa limo kwenye sanduku. Na usipande ya kutembeza watalii baada ya jua kuzama, hata wakikupa bei ya kutupa.

Mambo vipi mhariri, likizo yangu ni Julai na Agosti tu, bosi habadilishi. Nimeambiwa huo ni msimu wa mvua, je niache? (Kijana wa Nairobi)

Usiache ila ujue unaenda kufanya nini. Mvua kubwa za kusi zinaingia mwanzoni mwa Juni mpaka Septemba, na sio manyunyu, ni mvua ya kusimamisha kila kitu alafu jua linatoka kwa muda wa saa mbili tatu, alafu inarudi. Magati mengine yanafunikwa. Agosti 2018 yalitokea mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 400 jimbo zima na Kuttanad karibu yote ikahamishwa, watu wakalala mashuleni. Kwahiyo fuatilia tahadhari za hali ya hewa kila asubuhi, wakitangaza rangi nyekundu kwa wilaya uliyopo unabaki ndani, hakuna ujasiri hapo.

Lakini una kitu ambacho yule wa mwezi wa kwanza hana, mashindano ya boti za nyoka! Ni mitumbwi mirefu kupita mita 30, mkia umeinuka juu, inapigwa makasia na watu kama mia moja kwa mpigo mmoja, waimbaji wako katikati wanawapa mdundo, na wale wa nyuma wanasimama na makasia marefu kuiongoza. Kila boti ni ya kijiji, kijiji kinachanga, kinafanya mazoezi, kinagombana. Lile la Champakulam linakuja mapema, Juni au Julai kufuatana na kalenda yao. Kubwa kuliko yote ni Nehru Trophy kwenye ziwa Punnamada pale Alappuzha. Mwaka 1952 waziri mkuu Nehru alipokelewa kwa mbio hizo, zilipokwisha akaruka mwenyewe ndani ya boti iliyoshinda, aliporudi Delhi akatuma kombe la fedha. Kwa desturi ni Jumamosi ya pili ya Agosti ila limekuwa likisogezwa, 2025 lilifanyika tarehe 30 Agosti, kwahiyo usikate tiketi ya ndege kabla tarehe haijatangazwa. Nunua tiketi ya jukwaa, sio ya kusimama kwenye tuta, na uwe umekaa kabla ya saa tano asubuhi kwasababu njia zote za kule zinafungwa.

Kama una ratiba mbili za kuchagua, chukua Agosti mwishoni kuliko Julai mwanzoni. Na soma jibu linalofuata.

Naweza kuogelea kwenye mifereji? Naona kwenye video watoto wa kule wanaruka tu. (Msomaji, Zanzibar)

Hapana mpenzi. Watoto wa kule wanajua pa kuruka, wewe hujui. Mifereji hiyo ndo barabara, ndo sehemu ya kuoshea vyombo, na hausiboti nyingi vyoo vyake vinaishia humo humo. Wakati wa mvua kuna homa ya mgunda inayotokana na mkojo wa panya ndani ya maji, inaingia kwenye kidonda kidogo tu mguuni, kwahiyo hata kukanyaga maji yaliyotuama na ndala sio vizuri, na kama unaenda msimu huo muone daktari wako kabla kuhusu dawa ya kujikinga. Mwaka 2024 na 2025 Kerala iliripoti pia wagonjwa wa yule amiba anayeingia kwa puani na kushambulia ubongo, hasa kwenye mabwawa na maji matamu yaliyotulia. Kama kuoga ni lazima, bahari iko pale pale Alappuzha na Marari, nako mawimbi ni makali, uliza walinzi wa ufukweni kwanza. Usisahau na dawa ya mbu, dengi ipo.

Viza, chanjo, hela, laini ya simu. Nijibu kwa kifupi dada. (Dereva, Dodoma)

Kwa kifupi. Viza ya mtandaoni ipo kwa Watanzania na Wakenya na uwanja wa Kochi unaipokea, omba kwenye tovuti ya serikali ya India inayoishia na gov.in, kuna tovuti za matapeli zinafanana nayo kila kitu ila zinakutoza mara mbili tatu. Pasipoti iwe na miezi sita mbele. Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano asiondoke bila hiyo mtu yeyote wa Afrika Mashariki, uchanje angalau siku kumi kabla, ukikosa wanaweza kukuweka karantini mpaka siku sita. Ndege unaunganisha Ghuba, Dubai au Doha au Muscat, kutoka huko Kochi ni karibu.

Hela, beba noti. Wenyeji wanalipa kila kitu kwa simu hata mwuza chai, wewe mfumo ule wa kwao hutakuwa nao siku ya kwanza, kwahiyo vunja hela upate noti ndogo za 10, 20, 50 na 100, kondakta wa boti hana chenji ya 500. Laini ya simu nunua uwanjani kwa pasipoti yako, wanakupiga na picha, subiri ifunguke ndo uondoke.

Mhariri, kwa heshima, mnawashawishi watu waende sehemu ambayo utalii wenyewe unaiua. Nimesoma mazingira chuo kikuu na Vembanad ni mfano tuliofundishwa darasani wa ziwa linalokufa. Mnasemaje? (Msomaji, Arusha)

Nasema umesema kweli, na nimefurahi umeandika. Vembanad ndo ziwa refu kuliko yote India, tangu 2002 liko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani, na bado linazidi kujazwa udongo na kuchafuliwa. Ila utalii sio wa kwanza kulaumiwa. Katika miaka ya 1970 walijenga kizuizi kikubwa pale Thanneermukkom, kinakata ziwa vipande viwili, kiangazi milango inafungwa ili chumvi ya bahari isiingie kwenye mpunga. Mpunga ukanufaika. Lakini ziwa lile lilikuwa linajisafisha kwa chumvi hiyo hiyo, maji chumvi yakiingia kila mwaka yanaua magugu maji na kusukuma uchafu, na samaki na kamba wanaozaliwa upande mmoja wa chumvi na kukulia upande mwingine wakawa wanagonga mlango uliofungwa. Mbolea na dawa za mashambani zikabaki humo humo. Ndo maana utaona mifereji mizima imefunikwa kijani na boti inabidi irudi nyuma isafishe pangaboi. Mkulima anataka mlango ufungwe mapema, mvuvi anataka ufunguliwe mapema, na wote wawili wana watoto wa kulisha, ukikaa kwenye boti ya abiria utawasikia wakibishana hilo kwa sauti ya juu.

Juu ya hayo ndo zimekuja hausiboti na mafuta yao na vyoo vyao. Hapo mgeni ana la kufanya na ndo sababu nawasukuma wasomaji kwenye boti ya abiria ambayo ingeenda tu hata usipopanda, na kwenye mtumbwi wa upondo usio na injini. Ukilazimika kuchukua hausiboti uliza choo kinamwagwa wapi, na akisitasita mwenye boti nenda kwa mwingine. Beba chupa yako ujaze maji yaliyochujwa nyumbani unakolala. Hayataliponya ziwa lakini hela yako itakuwa imeenda kwa mtu mwenye upondo.

Dada mimi ni mtu wa ndege na picha. Nataka sehemu yenye utulivu, sitaki foleni ya boti. Alappuzha naona imejaa. Niende wapi? (Mpiga picha, Kisumu)

Shuka kusini mpaka Kollam kaka, ukae Munroe. Ni kundi la visiwa vidogo pale mto Kallada unapoingia ziwa Ashtamudi, kama kilometa 27 kutoka mjini Kollam, jina limetoka kwa Kanali John Munro aliyekuwa mwakilishi wa Waingereza kwenye ufalme wa Travancore karne ya 19. Treni za abiria za kawaida zinasimama kituo chao wenyewe cha Munroturuttu, unashuka unatembea. Mifereji yake ni myembamba kiasi kwamba mwenye upondo anabonyea kichwa chini ya vidaraja na wewe unalala chali na kamera yako tumboni. Alfajiri mnatoka kupitia mikoko mpaka maji mapana jua likichomoza, mdiria wako kwenye nyaya za umeme, wale mwewe wekundu wenye kichwa cheupe wanazunguka juu, mnandi wamekaa kwenye fito za wavuvi wamefungua mabawa wanajianika. Piga picha za ndege ukienda na mwanga, ukirudi piga nyumba, ila omba ruhusa maana mfereji unapita uani kwa mtu na watu wanaoga.

Utaona pia nyumba zilizozama kidogo, maji yanaingia sebuleni wakati wa bamvua, kuta zina mstari wa chumvi mpaka kiunoni. Wenyeji wanasema hali ilizidi baada ya tsunami ya 2004, na bwawa lililojengwa juu ya mto limezuia tope lililokuwa linavijenga visiwa kila mafuriko, kwahiyo familia nyingi zimeshahama. Ukiwa na muda kaa na mzee mmoja akuelezee, wanaeleza wenyewe bila kuombwa. Na wanawake wanaosokota kamba za usumba bado wako, wanaloweka makumbi kwenye maji miezi mingi mpaka yaoze yalainike, harufu yake ukiipata mara ya kwanza utafikiri kuna kitu kimekufa, alafu unazoea.

Kollam mjini usipite tu. Ndo kitovu cha viwanda vya korosho India, na korosho ghafi nyingi zinazobanguliwa pale zinatoka Afrika, za Tanzania zikiwemo, wanabangua wanawake wamekaa chini kwa safu, mikono myeusi kwa mafuta ya ganda. Viwanda vingine vinaruhusu mgeni kuangalia ukiomba kwa adabu getini, vingine hapana.

Kama unataka ndege wengi zaidi sehemu moja, ongeza Kumarakom upande wa mashariki wa Vembanad, kuna hifadhi ndogo ya ndege, wahamiaji wako kuanzia Novemba mpaka Februari, ingia geti linapofunguliwa asubuhi sababu saa nne wameshatawanyika. Ila Munroe usiikate. Mwenye mtumbwi mpigie simu jioni ya kabla yake, sio asubuhi, maana alfajiri wanatoka na waliokubaliana nao jana. Na umwambie wazi hutaki injini.